Kuhema si kukosa oksijeni

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nimeanza kukimbia miezi mitatu iliyopita. Mwanzoni hata dakika 2 zilinishinda, sasa nafika 10, lakini baada ya hapo natweta mpaka siwezi kutamka neno, na mapaja yanawaka moto. Mkufunzi wangu anasema nina upungufu wa oksijeni na mapafu yangu ni madogo. Ameniuzia kopo la oksijeni nivute kabla ya kukimbia, ananihimiza ninywe maji yaliyoongezwa oksijeni, na amenifundisha kuvuta pumzi 30 za harakaharaka kabla ya kuanza. Nimenunua kile kipimo cha kubana kidoleni. Kinasoma 97 nikiwa nimekaa na 96 nikimaliza kukimbia. Siku hizi nachoka hata nikipanda ngazi, hasa baada ya hedhi, ambayo kwangu huwa nzito. Je, nivute kopo mara ngapi kwa siku? Na mapafu yanaweza kukuzwa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kopo usilivute kabisa. Mapafu ya mtu mzima hayakuzwi kwa mazoezi, na kwa unavyoeleza sioni kama yako yana haja ya kukua. Katika barua yako lipo jambo moja linalomhitaji daktari, nalo umeliandika mwishoni kama nyongeza tu: hedhi nzito na uchovu wa ngazini. Nitalifikia. Lakini siwezi kulifikia kabla sijashughulika na huu unaoitwa upungufu wa oksijeni, maana barua zenye maneno hayohayo zinanijia bila kukoma, na karibu kila moja ina mtu nyuma yake aliyeuza kitu.

Mtu anakimbia, anahema, anaambiwa: unahema kwa sababu oksijeni imekuisha mwilini. Linasikika kama jambo lisilohitaji ushahidi. Si kweli, na kipimo chako mwenyewe kimeshasema kwamba si kweli.

Ile 97 ni asilimia ya hemoglobini, yaani protini nyekundu iliyomo ndani ya seli za damu, ambayo tayari imebeba oksijeni. Ulipomaliza kukimbia, ukiwa hoi, mdomo wazi na mate yamekauka, kipimo kilisoma 96. Damu iliyotoka mapafuni mwako kuelekea mapajani ilikuwa imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba. Mapafu yalikuwa yamemaliza kazi yao, na yameifanya vizuri. Kumwongezea mtu wa namna hiyo oksijeni puani ni kumiminia maji mtungi uliojaa pomoni.

Tazama na hewa unayoitoa. Tunayoivuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Tunayoitoa, hata katikati ya mbio, bado ina asilimia 16 au 17. Kama tatizo lingekuwa oksijeni kukosekana kifuani, usingetupa nje robo tatu ya ile uliyoivuta.

Sasa kwa nini unahema? Misuli inapofanya kazi hutoa kabonidayoksaidi kwa wingi, na gesi hiyo ikiyeyuka kwenye damu huiongezea asidi. Kuna vihisio kwenye shina la ubongo, na vingine shingoni pale ateri kubwa iendayo kichwani inapogawanyika, ambavyo hufuatilia hali hiyo muda wote na kukiamuru kifua kiongeze kazi. Ubongo nao, unapoituma miguu ikimbie, huituma misuli ya kupumua papo hapo. Ndiyo maana pumzi zako hubadilika sekunde chache tu baada ya kuanza, kabla damu haijabadilika hata kidogo. Ukiwa umekaa unavuta kama lita 6 za hewa kwa dakika. Kwenye mbio kali zinafika 80, hata 100, na kwa wanariadha wakubwa hupita 150. Sehemu kubwa ya juhudi hiyo ni ya kutoa kabonidayoksaidi nje.

Unaweza kulithibitisha ukiwa umekaa kitini. Vaa kipimo kidoleni, bana pumzi. Utashindwa, kifua kitataka kupasuka, na namba bado itakuwa tisini na kitu. Kilichokushinda ni kabonidayoksaidi iliyojikusanya. Oksijeni ulikuwa nayo.

Tatizo la mtu mwenye afya anayekimbia, basi, haliko kwenye kuiingiza oksijeni mwilini. Liko kwenye kasi ya kuifikisha kwenye misuli na kasi ya misuli kuitumia, na hapo hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba sioni udhuru wa mkufunzi yeyote kutoijua. Lita moja ya damu yenye hemoglobini ya kutosha hubeba mililita 180 hadi 200 za oksijeni. Mtu akipumzika, moyo husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika, na mwili huchota mililita 50 hivi katika kila lita. Jumla ni mililita 250 kwa dakika, na damu hurudi moyoni ikiwa bado na robo tatu ya mzigo wake. Akikimbia kwa nguvu zake zote, moyo hufika lita 15 au 20 kwa dakika, na kwa bingwa wa mbio ndefu hata 35. Misuli nayo huchota mililita 140 au 150 kwa kila lita. Zidisha 20 kwa 150: lita 3 kwa dakika, mara 12 ya alipokuwa amekaa. Katika hesabu yote hiyo, mapafu yametoa damu iliyojaa mwanzo na damu iliyojaa mwisho. Kilichobadilika ni moyo na misuli.

Damu pia hugawanywa upya. Wakati wa kupumzika misuli hupata pungufu ya sehemu moja kwa tano ya damu yote. Kwenye mbio kali hupata zaidi ya nne kwa tano, huku mishipa ya tumbo na figo ikibanwa. Na ndani ya msuli unaofanya kazi kuna joto, asidi na kabonidayoksaidi nyingi, vitu vitatu ambavyo huilegeza hemoglobini ili iachie oksijeni kwa wepesi. Mwanafiziolojia wa Denmark, Christian Bohr, pamoja na wenzake walilionyesha hilo kwa upande wa kabonidayoksaidi mwaka 1904. Likumbuke, tutalihitaji kwenye zile pumzi 30. Kutoka kwenye kapilari, yaani mishipa myembamba kabisa ya damu, oksijeni hupenya hadi kwenye mitokondria, vile vinu vidogo vilivyomo ndani ya seli, na huko ndiko inakotumika kuchoma sukari na mafuta ili msuli upate nishati. Msuli wenye mitokondria chache hauwezi kuitumia oksijeni hata ikiletwa kwa wingi.

Mwaka 1966, huko Dallas nchini Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana 5 wenye afya kwa wiki 3. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Hewa waliyovuta ilikuwa ileile na mapafu yaleyale. Kilichopungua zaidi ni kiasi cha damu ambacho moyo uliweza kusukuma kwa pigo moja. Wakafanya mazoezi kwa wiki kadhaa, na uwezo ukarudi. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ikaonekana kwamba wiki 3 za kulala ziliwapunguzia uwezo kuliko miaka 30 ya kuongezeka umri. Kwa upande wa misuli, mtafiti John Holloszy alionyesha mwaka 1967 kwamba panya waliokimbizwa kwa wiki kadhaa waliongeza karibu mara mbili uwezo wa mitokondria zao kutumia oksijeni.

Hayo ndiyo unayojijengea tangu ulipoanza. Kutoka dakika 2 hadi 10 ndani ya miezi mitatu si jambo dogo, na nasikitika kwamba aliyepaswa kukupongeza ndiye aliyekuambia una kasoro. Maji ya damu yako yameongezeka, moyo unasukuma zaidi kwa kila pigo, na misuli imeanza kuota kapilari na mitokondria mpya. Kopo halina mkono wake humo.

Nisiseme lisilo kweli kwa hamasa: mtu akivuta oksijeni tupu mfululizo huku anakimbia, kwa barakoa iliyobana usoni, uwezo wake hupanda kidogo, kwa sababu mbali na ile ya kwenye hemoglobini, nyingine huyeyuka kwenye maji ya damu. Lakini barakoa ikivuliwa, faida hiyo hutoweka ndani ya dakika chache. Mwili hauna ghala la oksijeni. Ukijumlisha iliyomo mapafuni, kwenye damu na kwenye misuli, unapata kama lita moja na nusu, na kwa mwendo wa mbio hiyo haifiki hata dakika moja. Mivuto michache ya kopo, iliyochanganyika na hewa ya kawaida pembeni mwa kibarakoa chake, inakuwa imekwisha kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu.

Sasa ngazi na hedhi. Hapa ndipo ninapomkasirikia mkufunzi wako hasa, kwa sababu alikuwa na mtu mbele yake ambaye huenda usafirishaji wake wa oksijeni una hitilafu kweli, naye akamtazama kifuani badala ya kumuuliza kuhusu damu.

Kipimo cha kidoleni hutoa asilimia, hakitoi kiasi. Mwanamke mwenye hemoglobini ya gramu 13 kwa desilita ana kama mililita 170 za oksijeni katika lita ya damu yake. Mwenye gramu 8 ana kama 105. Wote wawili kipimo kitawasomea 97, kwa kuwa hemoglobini waliyo nayo, iwe nyingi au kidogo, imejaa. Huyo wa pili moyo wake hulazimika kukimbia mbio hata kwenye ngazi, kufidia kwa wingi wa mapigo kile kilichopungua kwenye kila lita. Anahisi moyo ukidunda masikioni, anachoka, anadhani amezeeka ghafla.

Shirika la Afya Duniani huhesabu hemoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa mwanamke asiye mjamzito kuwa upungufu wa damu, na chini ya 13 kwa mwanamume. Tena akiba ya madini ya chuma huweza kwisha kabla hemoglobini haijashuka, kwa hiyo omba vipimo viwili: hemoglobini, na feritini inayoonyesha akiba hiyo. Mweleze daktari hedhi yako bila haya: siku ngapi, unabadilisha pedi kila baada ya saa ngapi, unatoa madonge au la. Ikionekana unapoteza damu nyingi, kujaza madini ya chuma peke yake hakutoshi. Lazima ijulikane kwa nini inapotea, maana uvimbe kwenye kizazi ni moja ya sababu za kawaida na una tiba zake.

Na usikimbilie dawa za kuongeza damu kabla ya majibu. Mwili hauna njia ya kulitoa nje chuma lililozidi; hurundikana kwenye ini na moyo, na wapo watu waliorithi tabia ya kulinyonya kupita kiasi bila kujijua. Vilevile si kila upungufu wa damu ni wa chuma. Upo wa vitamini B12, upo wa figo, upo wa selimundu, na kila mmoja una njia yake.

Mapaja kuwaka: utaambiwa ni sumu ya asidi laktiki inayozaliwa kwa kukosa oksijeni. Lakteti, yaani hiyo asidi kwa jinsi inavyopatikana mwilini, hutengenezwa hata oksijeni ikiwa tele, na moyo na misuli mingine huila kama nishati. Baada ya mbio hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi, kwa hiyo haihusiki na maumivu ya kesho yake. Ule moto ni dalili kwamba umeupa msuli kasi kubwa kuliko mitokondria zake zinavyoimudu kwa sasa. Punguza mwendo hadi uweze kusema sentensi nzima bila kukatika, na usishangae ukijikuta unatembea katikati. Anza kwa kutembea dakika 5, kwa kuwa mfumo mzima wa kupeleka oksijeni huchukua dakika 2 au 3 kuufikia mwendo mpya, na anayeanza kwa kasi huanza na deni. Mdomo ufungue utakavyo. Hakuna tuzo ya kupumua kwa pua.

Zile pumzi 30 za harakaharaka acha leo. Hemoglobini yako imeshajaa, kwa hiyo haziongezi oksijeni ya maana. Zinachofanya ni kukutoa kabonidayoksaidi. Ikishuka, mishipa ya ubongo hubana na damu inayofika kichwani hupungua. Ndicho kile kizunguzungu na vidole kufa ganzi ambavyo huelezwa kuwa dalili za oksijeni kuingia. Kumbuka na ule ugunduzi wa Bohr: kabonidayoksaidi ikipungua, hemoglobini hung'ang'ania oksijeni yake. Kwa hiyo, kwa jina la kuulisha mwili oksijeni, unavipunguzia ubongo na misuli ile oksijeni ambayo ingevifikia.

Ukiwa nchi kavu utapepesuka, ukae chini, ipite. Majini ni kifo. Waogeleaji, hasa vijana wenye mazoezi, huvuta pumzi hizi ili wakae chini ya maji kwa muda mrefu zaidi. Kwa kuwa wametupa kabonidayoksaidi, ile kengele ya kuwalazimisha kupanda juu haisikiki, oksijeni inaendelea kutumika kimyakimya, na fahamu zinawatoka bila onyo lolote. Wanavuta maji wakiwa hawajitambui. Wameokotwa hivyo kwenye mabwawa yenye maji ya kina kifupi, watu wakiwa kando wanadhani mwenzao anacheza. Mkufunzi anayewafundisha watu pumzi hizi bila kuwaambia kwamba kamwe wasizifanye karibu na maji anabeba dhamana nzito sana.

Haya hayakuhusu wewe peke yako, kwa sababu kopo ni mlango wa kwanza tu. Baada yake huja maji ya oksijeni. Pumzi moja ya kawaida, nusu lita ya hewa, ina mililita 100 hivi za oksijeni. Lita nzima ya maji yaliyoshibishwa oksijeni tupu ina kama 30. Yakisindikwa kwa shinikizo huchukua zaidi, lakini ukifungua chupa gesi huanza kutoroka, na hata ingebaki, tumbo halina kazi ya kupumua. Huja matone ya klorofili, eti yanazalisha oksijeni tumboni. Klorofili hufanya kazi hiyo ndani ya mmea ulio hai unaopigwa na mwanga. Tumboni hakuna mmea hai wala mwanga. Huja barakoa za kubana pumzi zinazouzwa kuwa zinaiga hewa ya milimani: hewa ya milimani ina shinikizo dogo, na kitambaa chenye vali hakipunguzi shinikizo la hewa, kinakufanya uhangaike kuivuta tu.

Hayo angalau ni fedha kupotea. Kuna wanaouza hidrojeni peroksaidi kali ya kunywa kwa matone ili kuipa damu oksijeni. Hiyo ni kemikali ya kupaushia. Huunguza koo na tumbo, na mililita moja tu ya ile ya asilimia 35 huachia zaidi ya mililita 100 za gesi. Mapovu hayo huweza kuingia kwenye mishipa ya damu na kufika moyoni na kwenye ubongo. Ukiiona nyumbani kwa mtu kwa matumizi hayo, mwondolee. Na kuna sindano za EPO, homoni inayouamuru uboho utengeneze seli nyekundu. Hii inafanya kazi kweli, ndiyo maana Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipiga marufuku mwaka 1990. Kwa mgonjwa wa figo anayesimamiwa na daktari ni dawa ya maana. Kwa mtu mwenye damu ya kutosha huifanya damu kuwa nzito, na damu nzito huganda.

Kinachonitia uchungu zaidi ni muda. Mwenye pumu huambiwa avute kopo. Mwenye vali ya moyo iliyoharibika huambiwa mapafu yake ni madogo, ayakuze. Mwenye damu ya gramu 7 huuziwa maji. Kila mmoja wao angepatikana kwa daktari kumuuliza maswali, kumsikiliza kifua na kumtoa damu kidogo, na badala yake hukaa miezi akisubiri kopo lifanye kazi.

Kwa hiyo wewe, na yeyote anayesoma haya: kuhema kunakotulia dakika chache baada ya kusimama, na kunakopungua wiki hadi wiki kwa mwendo uleule, kuache, ni mazoezi yanafanya kazi. Lakini kifua kikibana au kuuma ukiwa unakimbia, ukizimia au ukikaribia kuzimia, moyo ukienda mbio bila mpangilio, kifua kikipiga mluzi, ukikohoa damu, miguu ikivimba, ukishindwa kupumua ukilala chali, au mwendo uliokuwa ukiumudu vizuri ukaanza kukushinda, hapo simama. Kwako hilo la mwisho limeshatokea kwenye ngazi, kwa hiyo nenda ukapime wiki hii, na hadi majibu yatoke tembea tu, usikimbie. Maumivu ya kifua au kuzimia ni vya siku hiyohiyo, na usivute kopo kwanza ili uone kama vitapita.